Kisa cha ukuta uliopigwa lipu mara tatu: nyumba ya mawe, Kiponda

Nyumba yenyewe ina ghorofa mbili, ipo Kiponda ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, na chumba kilicholeta maneno ni cha chini, upande wa uchochoroni. Kina urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 2.8. Upana huo haukuja kwa bahati. Nyumba za zamani za huku zilikatwa kwa kipimo cha boriti ya mkoko, na boriti nene iliyonyooka haipatikani kwa urahisi zaidi ya hapo. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mashua. Ukuta wa uchochoroni una unene wa sentimita 55: mawe ya matumbawe ya kila umbo yaliyojazwa udongo mwekundu na chokaa, na nje yake lipu ya chokaa. Ulikaa hivyo mpaka miaka tisa kabla ya kisa hiki.

Mwaka ule wa kwanza rangi ilianza kuvimba karibu na sakafu. Lipu ya chokaa ikabanduliwa mpaka kimo cha mita moja, ikapigwa ya saruji. Masika mawili baadaye unyevu ulitokea juu ya saruji, kama mita moja na robo. Saruji ikapandishwa hadi mita 1.8, safari hii ikitiwa dawa ya kuzuia maji na kumaliziwa kwa rangi ya mafuta. Mara ya tatu yakabandikwa marumaru ya sakafuni mpaka kimo cha sentimita 120, ukuta ukang'aa kama wa hoteli. Mahesabu ya familia yalionyesha mifuko minane ya saruji kwa miaka yote hiyo, bila marumaru na bila ujira.

Kilichomshtua bi mkubwa mwenye nyumba hakikuwa ukuta. Ni kabati lake la nguo katika chumba cha juu: mlango wake ulianza kujifungua wenyewe. Ukifungwa, baada ya dakika mbili uko wazi. Sakafu ya juu ilikuwa imeinama kuelekea uchochoroni. Tangu Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liporomoke upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, hakuna mtu wa Mji Mkongwe anayelichukulia jambo kama hilo kwa mzaha.

Mwashi wa nne alipoitwa hakuja na karai wala mwiko. Alikuja na bisibisi ndefu, tindo ndogo na penseli.

"Bi mkubwa, leo sipigi lipu."

"Basi umekuja kufanya nini, mwanangu?"

"Kutafuta maji yanakotoka."

Alianza kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kila kiganja kimoja. Lipu iliyoshika hutoa mlio mzito, uliokufa. Iliyoachana na jiwe hulia kama dufu. Robo tatu ya ukuta ulilia dufu. Kisha alitindua kidirisha cha sentimita 15 kwa 15, juu kidogo ya marumaru, akakisoma kutoka nje kwenda ndani: rangi ya mafuta tabaka tatu, saruji ya pili milimita 30, halafu unga mweupe mkavu wa unene wa milimita 4, laini kama sembe. Huo unga ni chumvi, pamoja na mabaki ya lipu ya kale iliyosagwa na chumvi hiyo hiyo. Nyuma yake udongo wa ukutani ulikuwa umelowa kiasi cha kufinyangika.

Akapanda darini. Chumba kina boriti 12, zimeachana kama sentimita 40. Kila moja imeingia ukutani kama sentimita 25. Alichomeka bisibisi kwenye kichwa cha kila boriti pale inapozama ukutani. Tisa zilikataa. Tatu za pembe ya kulia, bisibisi iliingia sentimita 12 bila kusukumwa, kama kisu kwenye boga lililoiva.

Jeki zilifungwa siku ile ile, kabla ya jingine lolote, na hatua hii haina mjadala. Sakafu ya juu katika nyumba hizi ni nzito kuliko watu wanavyodhani: juu ya boriti hulazwa mawe bapa, juu ya mawe kokoto na chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Hapa unene wake ni sentimita 25, na hiyo ni zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Boriti ya mita 2.8 inayobeba upana wa sentimita 40 huwa na karibu kilo 470 mgongoni, nusu kila kichwa. Vichwa vitatu vilivyooza vilivyopakana maana yake kilo 700 zilikuwa zimebebwa na mazoea. Zilisimamishwa jeki nne za chuma, umbali wa sentimita 50 kutoka ukutani, juu zikishika ubao mzito wa inchi 2 kwa 6 uliopita chini ya boriti zote za upande ule, na chini zikikaa juu ya ubao mwingine ili uzito usitoboe sakafu. Jeki hukazwa mpaka zishike tu. Anayetaka kuinyanyua sakafu irudi ilivyokuwa kwa siku moja ataipasua.

Kwa nini saruji ilishindwa mara tatu? Ukuta wa mawe ya matumbawe hautegemei kuzuia maji. Unayanywa na kuyatoa. Maji ya ardhini na ya mvua huingia, na lipu ya chokaa, yenye vinyweleo vingi, huyaachia hewani. Saruji ina vinyweleo vichache na ni ngumu. Ukiufunga ukuta kwa saruji mpaka mita moja, maji hayakomi kuingia chini. Yanachokosa ni njia ya kutokea, basi hupanda mpaka yaipate, juu ya mpaka wa lipu mpya. Ukiipandisha lipu, nayo hupanda. Ndivyo yanavyozidi kuvikaribia vichwa vya boriti, kimo ambacho hayakuwahi kukifikia katika uhai wote wa nyumba. Chumvi nayo husafiri na maji. Maji yakikauka nyuma ya saruji, chumvi huganda hapo hapo, na ikiganda hutanuka na kuisukuma lipu. Ndiyo ile milimita 4 ya sembe. Dawa ya kuzuia maji na rangi ya mafuta ziliongeza kasi tu. Marumaru yakamaliza kazi, kwa sababu baada yake hapakuwa na alama yoyote ya kuonya.

Watu wengi husema unyevu wa Mji Mkongwe "unatokana na bahari". Bahari inaleta chumvi na hewa nzito, ni kweli, lakini ukuta mmoja ndani ya nyumba ukiwa umelowa na wa pili mkavu, bahari haihusiki.

Basi penseli. Ni hatua isiyogharimu kitu, na ndiyo inayorukwa na karibu kila fundi, kwa sababu mteja halipi mtu kwa kungoja. Marumaru yalitolewa yote, maana ukuta uliovikwa hausomeki, na kila Ijumaa baada ya sala, kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Juni, ukingo wa unyevu ulichorwa mstari na kuandikwa tarehe. Alama ya juu kabisa ilikuwa sentimita 163 kutoka sakafuni. Baada ya wiki 11 ukuta ulikuwa na ramani, na ramani ilionyesha maji matatu, kila moja na tabia yake.

Upande wa kushoto mstari ulipanda ndani ya siku moja baada ya mvua kubwa na kushuka baada ya siku nne au tano. Hayo ni maji ya mvua yanayopiga ukuta moja kwa moja. Katikati na chini, mstari ulishuka polepole, sentimita mbili tatu kwa wiki, kadiri masika yalivyokatika. Hayo ni ya ardhini. Pembe ya kulia, chini ya zile boriti tatu, mstari haukutikisika, mvua isinyeshe inyeshe. Unyevu usiojua msimu ni wa bomba au wa karo, yaani njia ya maji machafu ya bafuni.

Palihitajika majaribio machache ya kuthibitisha. Kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 kilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kikaachwa siku mbili. Jasho likikaa juu ya nailoni, ni hewa ya chumbani. Likikaa nyuma yake, linatoka ukutani. Lilikaa nyuma. Kwa karo ya bafu la juu, ndoo mbili za maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula zilimwagwa. Baada ya saa 24 hakuna wekundu popote, karo ikaondolewa kwenye tuhuma. Kwa bomba, mifereji yote ilifungwa saa nne usiku na kimo cha maji kikawekewa alama kwenye tangi la lita 1,000. Alfajiri kilikuwa kimeshuka sentimita 3. Tangi lina kipenyo cha sentimita 110, kwa hiyo sentimita 3 ni kama lita 28 kwa saa saba, karibu lita 95 kwa siku, zikinywewa na pembe moja ya ukuta. Kiwiko cha bomba la chuma kilichozikwa ndani ya saruji ya pili kilikuwa kimetoboka kwa kutu.

Kipimo cha umeme chenye sindano mbili, ambacho baadhi ya wakaguzi hukitembeza ukutani, hapa hakikuaminiwa. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi huupitisha hata penye maji kidogo. Ukuta wa Mji Mkongwe husomeka kama bwawa. Bora kuchimba gramu 100 za unga wa ukuta kwa kina cha sentimita 10, kuzipima, kuzikausha kwenye oveni ya nyumbani kwa moto mdogo mpaka uzito usipungue tena, na kupima upya. Hapa zilirudi gramu 86. Ukuta usio na tatizo hubeba gramu tatu nne tu za maji.

Upande wa nje ulieleza yaliyobaki. Mlizamu wa paa, yaani mfereji wa kutolea maji ya mvua, ulikuwa umeachana na bomba lake la kushukia, na maji yakawa yanateleza ukutani. Upande ule wa paa ni mita za mraba 30. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huleta bila kujisifu, huukusanyia lita 1,500, zote zikipita mahali pamoja. Na uchochoro wenyewe: kila ulipotengenezwa, zege jipya lilimwagwa juu ya la zamani, mpaka sasa uso wake uko sentimita 18 juu ya sakafu ya chumba. Maji yakituama uchochoroni yanauegemea ukuta kutoka pembeni.

Bomba lilihamishiwa juu ya uso wa ukuta, likaonekana. Si pazuri, lakini bomba linaloonekana likivuja linajulikana siku hiyo hiyo. Mlizamu ulirudishwa na kurefushwa ili mdomo wake uwe sentimita 30 kutoka ukutani. Kuhusu uchochoro, hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kuukata. Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kazi yoyote ya aina hiyo, hata kubadili boriti, hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Maombi yaliandikwa yote pamoja, ya boriti na ya mchirizi wa kutoa maji uchochoroni.

Kutindua saruji kulianza Julai, kwa tindo na nyundo ya kilo moja, kutoka juu kwenda chini, kipande cha upana wa mita moja kwa wakati. Mashine ya umeme ingemaliza kwa siku mbili, lakini mtikisiko wake hulegeza mawe yaliyoshikwa na udongo tu, na hapo unaweza kujikuta umetindua lipu pamoja na nyumba. Mawe matano yalitoka na saruji yake. Yalirudishwa kwa udongo wa chokaa na kukazwa kwa vipande vidogo vya matumbawe vilivyopigwa kwenye mianya, si kwa kujaza chokaa tupu, ambayo hunywea na kuacha pengo.

Chumvi ilipigwa brashi ngumu, kavu, unga ukakingwa kwa turubai na kutupwa mbali. Kosa la kawaida ni kuuosha ukuta kwa mpira wa maji: chumvi huyeyuka na kurudi ndani, na kazi inaanza upya. Baada ya brashi, sehemu mbaya zilibandikwa uji mzito wa karatasi za magazeti zilizolowekwa kwenye maji matamu, unene wa sentimita 2, ukaachwa mpaka ukakauka na kujibandua wenyewe. Ukikauka huivuta chumvi kutoka kwenye jiwe. Ulirudiwa mara tatu. Mara ya tatu karatasi haikuwa na ladha ya chumvi ulimini, na hicho ndicho kipimo kilichotumika.

Halafu ukuta uliachwa wazi. Kwa kuta nene mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na huu, ukiwa wazi pande mbili, ungetaka miezi 11. Familia ilivumilia minne, Julai hadi Novemba, wakati upepo wa kusi ukisaidia kukausha. Ilikuwa ni maelewano, na matokeo yake yalijulikana mapema: lipu ya kwanza juu ya ukuta ambao haujakauka sawasawa itakuwa ya kujitolea, itakula chumvi iliyobaki na sehemu yake ya chini itakufa.

Boriti tatu zilibadilishwa Septemba, moja moja. Ukataji wa mikoko Zanzibar una masharti, kwa hiyo boriti hununuliwa kwa muuzaji mwenye kibali, na inafaa kuzichagua kwa mkono: kipenyo cha sentimita 12 hadi 15 kwenye ncha nyembamba, zimekauka, hazina tundu la dumuzi. Vichwa vilipakwa dawa ya boroni, ya kuzuia kuoza na wadudu. Kila kichwa kiliwekwa juu ya bamba la jiwe, na kuzunguka kichwa ikaachwa nafasi ya sentimita 2 tupu, isiyojazwa kitu. Mwashi kijana aliyekuwepo alitaka kuziba ile nafasi kwa saruji "ili ikae imara". Boriti hukaa imara kwa uzito unaoikalia. Ukiuziba mdomo wake, umeuweka kwenye chupa.

Sasa chokaa. Chokaa ya huku huchomwa kwa kupanga magogo, mara nyingi ya mnazi, kwa duara, mawe ya matumbawe juu, na kutia moto. Jiwe likifikia joto la nyuzi kama 900 huachia hewa yake na kuwa chokaa hai. Ilinunuliwa ikiwa hai, mabonge, siku chache baada ya tanuu kupoa, na kuzimwa Julai katika mapipa mawili. Utaratibu ni maji kwanza, chokaa baadaye, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa hai huchemka ghafla na kuruka, na chokaa machoni ni hatari ya kupofusha: miwani ya kazi, glavu, na ndoo ya maji safi pembeni ya kuoshea papo hapo. Ilipotulia ilipitishwa kwenye chekeche la milimita 3, ikafunikwa kwa maji ya kimo cha sentimita 5 na kuachwa miezi minne. Kufikia Novemba ilikuwa kama samli iliyoganda, inakatwa kwa mwiko na kushika umbo.

Anayelazimika kutumia chokaa ya mfuko aipime kwanza kwa siki. Chota kijiko, dondoshea tone. Chokaa nzima hunyamaza. Ikitoa povu jingi, imekwisha vuta hewa na kurudi kuwa unga wa jiwe. Haitashika chochote tena.

Mchanga ulikuwa wa shimo, si wa pwani. Wa pwani una chumvi na punje zake ni za mviringo, haziumani. Ulitiwa kwenye chupa pamoja na maji, ukatikiswa na kuachwa utulie: tope lililokaa juu lilikuwa karibu sehemu moja ya kumi, jingi mno, ukaoshwa mara mbili. Uwiano nao haukukisiwa. Lita moja ya mchanga mkavu ilimiminiwa maji mpaka yakaufikia uso wake. Ilikunywa mililita 340. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo kati ya punje, na ndiyo chokaa inayotakiwa kuijaza: moja kwa tatu. Mchanga uliokunywa mililita 400 ungetaka moja kwa mbili na nusu. Ukuta ulikuwa na mita za mraba 10 za kupigwa, kwa unene wa milimita 25, na theluthi zaidi kwa ajili ya mashimo: ndoo 17 za lita 20 za mchanga, ndoo 6 za chokaa. Kwa tabaka la kwanza la sehemu ya chini iliongezwa nusu ndoo ya unga wa tofali lililochomwa kwa kila ndoo ya chokaa, ili lishike hata penye unyevu.

Hapa ndipo mafundi wengi hutia "kijiko cha saruji, isichelewe". Kiasi kidogo cha saruji hakileti nguvu ya saruji. Kinatibua tu ushikaji wa chokaa na kuziba vinyweleo. Kama haraka inatakiwa, unga wa tofali unatosha.

Ukuta ulilowanishwa jioni na tena asubuhi. Tabaka la kwanza lilirushwa kwa mwiko, si kupakwa, milimita 6 hivi, libaki na uso wa kukwaruza. Baada ya siku nane tabaka la pili, milimita 12, likachorwa mistari ya kukatana. Baada ya siku kumi la tatu, jembamba, likasuguliwa kwa ubao. Mwiko wa chuma huleta uso wa kung'aa ambao wateja huupenda na ukuta huuchukia, maana huvuta chokaa yote juu na kufunga vinyweleo. Kwa siku tano baada ya kila tabaka ukuta ulinyunyiziwa maji mara tatu kwa siku, na magunia yaliyoloweshwa yakaning'inizwa mbele yake.

Kosa lilitokea kwenye tabaka la pili. Mtoto wa nyumba aliwasha feni usiku kucha ili "ikauke vizuri". Asubuhi mita za mraba tatu zilikuwa na nyufa za mtandao, nyembamba kama uzi. Chokaa haishiki kwa kukauka, hushika kwa kuvuta hewa ikiwa bado na unyevu. Maji yakikimbia mapema hunywea na kupasuka. Bahati ilikuwa bado mbichi, ukucha ukizama. Ilinyunyiziwa, ikaachwa nusu saa, ikasuguliwa kwa nguvu kwa ubao wa mviringo mpaka nyufa zikajifunga. Siku mbili baadaye isingewezekana, ingebidi itinduliwe.

Mwisho ni kupaka chokaa. Ilichujwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu na kuchanganywa hadi wepesi wa maziwa, si wa uji. Mikono mitano, siku moja moja, ukuta ukilowanishwa kila safari. Mkono wa kwanza karibu hauonekani, na hapo wengi hukosa subira na kuongeza uzito. Ndiyo ile chokaa inayomganda mtu kwenye kanzu kila akiegemea. Wapo pia wanaotia chumvi ya kupikia ili ishike. Katika ukuta uliotolewa chumvi kwa karatasi mara tatu, hiyo isingekuwa akili.

Masika yaliyofuata yaliujaribu. Upande wa kushoto haukulowa. Pembe ya kulia ni kavu, na kabati la bi mkubwa, lililowekewa vijiti viwili chini ya miguu ya mbele, hufunga na kubaki limefungwa. Sakafu haikunyanyuliwa, imesimamishwa tu ilipofikia. Chini, lipu ilianza kutoa unga katika mkanda mmoja, kama ilivyotarajiwa. Hupigwa brashi kila mwezi, na mkanda huo utapigwa upya baada ya miaka miwili au mitatu kwa ndoo mbili za mchanga. Mwashi alitaka usiwekwe kitu mbele yake. Familia imeweka kochi, kwa umbali wa kiganja kimoja, na wakakubaliana hapo.

Uchochoro bado uko juu ya sakafu kwa sentimita 18. Kibali cha boriti kilitoka kwa wakati; cha mchirizi kinasubiri, kwa kuwa zege hilo ni la nyumba nne na majirani wawili wanahofia mchirizi utageuka jaa. Mvua kubwa ikikatika, maji hukaa yameegemea ukuta kama dakika 20. Mstari wa penseli wa mwisho, wa Ijumaa ya kwanza ya Juni, upo nyuma ya kochi: sentimita 38.